Anasikia sauti, hasikii maneno

Katika nyumba nyingi yupo mzee anayesemwa kwamba husikia anapotaka. Ukimwita anaitika, lakini ukimuuliza habari ya taa anakujibu habari ya saa, na wajukuu wanacheka. Kicheko hicho kinaniuma, kwa sababu mzee hajifanyi. Ile "aa" nzito anaipata vizuri. Kilichompotea ni t na s, sauti nyembamba zinazotofautisha taa, saa na faa.

Chanzo kiko ndani kabisa ya sikio. Sauti ikigonga kiwambo, mifupa mitatu midogo, yaani nyundo, fuawe na kikuku, hupokezana mtikisiko hadi kwenye koklea, mrija uliojaa majimaji na kujiviringa kama gamba la konokono. Humo mna seli za vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio, na ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa ishara za kupelekwa kwenye ubongo. Zilizo karibu na mlango wa koklea hupokea sauti nyembamba, zilizo mwishoni hupokea sauti nzito. Umri na kelele huanza kwa kuziua zile za mlangoni, ndiyo maana mtu hupoteza s na f huku mngurumo wa lori akiusikia vilevile.

Seli hizo zikifa hazioti tena. Kuku huziotesha upya. Watafiti walilionyesha jambo hilo mwaka 1988. Binadamu hana bahati hiyo.

Kwa hiyo nawahofia zaidi vijana. Wataalamu wa afya kazini huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebaki na dakika 15 tu. Mfikirie kijana anayeshinda kwenye mashine ya kusaga au kwenye karakana ya vyuma bila kizibo masikioni, kisha jioni anapanda basi lenye spika chini ya kiti. Masikio yakimvumia usiku anaona ni uchovu, kumbe seli zimeumia.

Zipo pia dawa zinazodhuru seli hizihizi. Kanamisini, sindano iliyotumika kutibu kifua kikuu sugu, iliwaacha baadhi ya wagonjwa wamepona mapafu na kupoteza usikivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza.

Tukirudi kwa mzee, kumpigia kelele hakumsaidii sana: ukipaza sauti, irabu ndizo zinazovimba, na konsonanti anazozihitaji zinazidi kufunikwa. Kaa mbele yake mahali penye mwanga auone mdomo wako, zima redio, sema taratibu. Kisha mpeleke akapimwe, maana wakati mwingine tatizo ni nta iliyoziba tundu la sikio, na hiyo huondolewa siku hiyohiyo.