Taa za mchana kwa Land Cruiser kuukuu: soko lipo Pangani, ufundi ndio unaolipwa

Barabara ya kutoka Tanga mjini hadi Pangani ina takriban kilomita 50, ikipita Tongoni na Kigombe. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na hali hiyo ndiyo iliyoamua magari yanayodumu wilayani: Land Cruiser hardtop, zile za mkonga, na Land Rover 110 ambazo nyingine zimeshabadilishwa injini. Ng'ambo ya Mto Pangani, kuanzia Bweni kwenda Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani, gari dogo husumbuka mvua zikikolea. Sasa lami inaingia. Mradi wa barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika ni mkopeshaji wake mkubwa, una daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, mahali ambapo watu wamekuwa wakivushwa kwa kivuko.

Lami huleta mwendo kasi. Dereva aliyezoea kukwepa mashimo sasa anakanyaga mafuta, bodaboda nayo inakanyaga, na hardtop ya rangi ya mchanga, kwenye kivuli cha minazi au katikati ya vumbi la barabara za pembeni, huonekana kwa kuchelewa. Hapo ndipo inapoanzia kazi ambayo mafundi umeme wa magari wa Pangani na Tanga wanapaswa kuitazama kibiashara: kufunga taa za mchana kwenye magari ambayo hayakuzaliwa nazo.

Taa ya mchana si taa ya kumulika njia. Kazi yake ni kumwonyesha mwenzako kwamba unakuja. Kanuni namba 87 ya Umoja wa Mataifa inataka kila taa itoe mwanga wa kandela 400 hadi 1,200 kwa mbele, mweupe. Taa hizo hutakiwa kuwaka injini inapounguruma na kuzimika dereva anapowasha taa kubwa. Sweden iliwalazimisha madereva kuwasha taa mchana tangu 1977. Umoja wa Ulaya ulizifanya kuwa sharti kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011, na kwa malori na mabasi mwaka uliofuata.

Sisi tumezikosa kwa sababu inayoeleweka. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini hutoka Japani, na Japani yenyewe haikuruhusu taa za mchana zenye mwanga kamili hadi Oktoba 2016. Kwa hiyo hata gari la Kijapani la mwaka 2014 linalong'aa bandarini Dar es Salaam kwa kawaida halina taa hizi. Land Cruiser za familia ya 70, zilizoanza kutengenezwa 1984, zilikaa karibu miaka 40 kabla ya kupewa sura mpya yenye taa za LED. Land Rover Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016. Anayetaka taa za mchana kwenye magari haya lazima amtafute fundi.

Je, zina faida huku kwetu, ambako jua huwa kali? Swali ni la haki. Uchambuzi wa Rune Elvik na wenzake wa Norwei, uliotoka 2003, ulikadiria kwamba gari linalowasha taa mchana hupunguza ajali za mchana za magari zaidi ya moja. Lakini faida hiyo huonekana zaidi nchi za kaskazini, ambako mwanga wa jua ni hafifu. Austria ililazimisha taa za mchana mwaka 2005 na kuifuta sheria hiyo kuanzia Januari 2008. Pangani ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Kwa maoni yangu, saa sita mchana kweupe taa hizi hazibadilishi mengi. Kinachobadilika ni alfajiri, jioni, mvua za masika, vumbi la nyuma ya lori la mkonge, na vivuli vya mashamba ya minazi. Hayo yote yapo Pangani kwa wingi, na ndiyo hoja ambayo fundi mwaminifu anapaswa kumpa mteja.

Tukija kwenye bidhaa, njia yake inajulikana. Taa hutengenezwa China kwa wingi, huingia Kariakoo, hasa maduka ya spea ya Gerezani, kisha husambaa mikoani kwa mabasi na mizigo. Zipo za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni jozi ya vipande vyembamba vya LED vinavyofungwa kwenye bampa. Ya pili ni taa kubwa nzima ya duara ya inchi 7, yenye pete ya mwanga pembeni, ambayo huingia kwenye nafasi ya taa za Land Rover na za hardtop nyingi za zamani bila kukata bati. Hii ya pili inapendwa kwa sababu inapendeza, na hapo ndipo mteja huumia: pete nyingi za namna hiyo ni pambo tu, mwanga wake haukaribii kandela 400.

Kuna alama ya kuangalia. Taa ya mchana iliyopimwa huwa na herufi RL kwenye kioo, pamoja na E iliyozungushiwa duara na namba ya nchi iliyotoa kibali: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E13 Luxembourg. Makampuni kama Hella na Osram huuza taa zenye alama hiyo. Bila shaka alama nayo hughushiwa, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia, lakini hakuna mkaguzi atakayesimama kila duka la spea kuanzia Gerezani hadi Pangani. Fundi akijifunza kusoma kioo cha taa, amemwokolea mteja wake pesa.

Sasa kazi yenyewe. Watu hudhani ni waya mbili tu, nyekundu kwenye betri na nyeusi kwenye bodi. Kwa gari kuukuu la pwani, dhana hiyo ndiyo inayounguza magari.

Kwanza, volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hasa za miaka ya 1980, zina umeme wa volti 24. Taa ya volti 12 ikipachikwa humo hufa papo hapo, au hufa baada ya wiki huku fundi akilaumiwa. Duka linalojua wateja wake huweka stoo taa zilizoandikwa volti 10 hadi 30.

Pili, wapi pa kuchukua umeme. Ukiunga moja kwa moja kwenye swichi ya funguo, taa zitawaka hata injini imezimwa, dereva akisikiliza redio kivukoni akisubiri zamu, na betri itakwisha. Njia bora ni rilei inayoamshwa na alteneta inapoanza kuchaji, au kifaa kinachopima volti. Betri iliyotulia huwa na takriban volti 12.6, injini ikichaji hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, na tofauti hiyo inatosha kukiamuru kifaa. Tatu, namna ya kuzizima usiku. Katika Toyota nyingi za zamani swichi ya taa kubwa hukata upande wa hasi, kwa hiyo fundi anayechukua ishara kwenye balbu ya taa kubwa hupata mambo ya ajabu. Ishara ichukuliwe kwenye taa ndogo.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari hula shaba, waya hugeuka kijani ndani ya mpira wake, na ethi iliyofungwa kwenye bati lenye kutu hupotea taratibu. Waya wa shaba iliyopakwa bati, ule unaotumika kwenye boti, hudumu zaidi. Maungio yalehemiwe na kuvalishwa mpira unaosinyaa kwa moto, si kuzungushiwa tepu. Fyuzi iwe karibu na betri, grisi kidogo iwekwe kwenye soketi, na ethi irudishwe hadi betrini kwa waya wake yenyewe. Kanuni za kimataifa zinataka taa ziwe juu ya ardhi kati ya sentimita 25 na 150, na zitengane angalau sentimita 60. Ngao kubwa ya mbele isizizibe.

Mteja atauliza: kwa nini nisiwashe tu taa kubwa? Inawezekana, na ni bora kuliko kutembea bila taa. Lakini balbu mbili za H4 hula wati 110, karibu ampea 8 au 9, bila kuhesabu taa za nyuma. Jozi nyingi za LED za mchana hula ampea moja hivi. Kwa alteneta iliyozeeka na betri inayobembelezwa, tofauti hiyo ni pesa.

Magari ya serikali matengenezo yake hupitia TEMESA, wakala uleule unaoendesha kivuko cha Pangani. Soko la fundi binafsi basi ni hoteli za Ushongo, wapeleka watalii Saadani, mashamba ya mkonge, taasisi za dini, wakandarasi na wafanyabiashara. Mwenye magari matano akiridhika na moja, ataleta manne. Faida ya kuuza taa ni ndogo kwa sababu kila duka lina taa ileile. Faida ya kweli ipo kwenye saa za kazi, dhamana iliyoandikwa ya miezi kadhaa na risiti ya EFD, vitu ambavyo hoteli huviulizia kabla ya kulipa. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, hufundisha umeme wa magari, na ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana mtaani. Fundi mwenye cheti hicho ana nafasi zaidi ya kupata kandarasi kuliko mwenye mikono mizuri bila karatasi.

Rangi iwe nyeupe na mwanga usiwe wa kumetameta. Jeshi la Polisi limekuwa likiwachukulia hatua wanaofunga vimulimuli bila kibali, na taa ya bluu au nyekundu mbele ya gari la raia ni kujitafutia faini. Dereva naye akumbushwe kwamba taa za mchana haziwashi taa za nyuma, hivyo jua likizama ageuze swichi.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na Kikosi cha Usalama Barabarani wanaweza kuisaidia biashara hii kwa tangazo moja la wazi: taa ipi ya mchana inakubalika nchini, na ifungwe wapi. Wamiliki wa magari, mkipeleka gari lenu kwa fundi, msiulize bei ya taa kwanza. Ulizeni atapitisha waya wapi, fyuzi itakaa wapi, na atawapa dhamana ya muda gani.