Green Day: Kundi ambalo mashabiki wake hupanda jukwaani

MZAZI mpenzi, ikiwa una kijana wa shule ya upili nyumbani, huenda umewahi kusimama mlangoni pa chumba chake ukajiuliza, ni kelele gani hizi? Gitaa linanguruma kama lori lipandalo mlima. Ngoma zinapigwa kwa pupa. Mwimbaji naye anaimba kwa puani, mithili ya mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Kabla ya dakika tatu wimbo umekwisha, na kijana wako anaurudisha mwanzo!

Muziki huo huitwa panki. Uchanganye na mahadhi matamu ya popu, yale ambayo mtu huyashika mara moja na kuyapigia mbinja akiosha vyombo, nawe utakuwa na mtindo ulioliletea sifa kundi la Green Day la California, Marekani. Nawe mwanafunzi, vumilia kidogo. Najua mengine unayajua kunishinda.

Kiongozi wa kundi, Billie Joe Armstrong, ni kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Alilelewa Rodeo, mji mdogo wenye kiwanda cha kusafishia mafuta. Babake alikuwa dereva wa lori na mpiga ngoma wa jazi. Aliaga dunia kwa saratani Septemba 1982, mwanawe akiwa na umri wa miaka 10 tu. Mama alikuwa mhudumu wa mkahawa, na ni katika mkahawa huohuo, mjini Vallejo, ambapo mwaka wa 1987 Billie Joe na rafiki yake wa utotoni, mpiga besi Mike Dirnt, walifanya onyesho lao la kwanza. Mpiga ngoma Tré Cool alijiunga nao baadaye, mwaka wa 1990.

Lakini makao yao hasa yalikuwa ukumbi ulioko nambari 924, barabara ya Gilman, mjini Berkeley. Ukumbi huo uliendeshwa na watu wa kujitolea. Pombe marufuku, ubaguzi wa rangi marufuku, kupigana marufuku, na mtoto wa miaka 14 aliruhusiwa kuingia sawa na mtu mzima. Aliyekuwa akiimba leo, kesho ungemwona mlangoni akikata tikiti.

Kulikuwa na sheria nyingine pia: kundi likitia sahihi mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi, halipigi tena hapo.

Mwaka wa 1993 Green Day walitia sahihi na kampuni ya Reprise. Februari 1994 wakatoa albamu ya Dookie, ambayo imeuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani pekee. Ulimwengu ukawafungulia milango, Gilman ikawafungia wao. Marafiki wa jana wakawaita wasaliti. Billie Joe alitunga wimbo kuhusu kukataliwa huko, uitwao "86", ukatoka mwaka wa 1995.

Je, msomaji, wewe ungesimama upande gani? Mimi siwezi kuwacheka mashabiki wale wa kwanza. Mtu akikipenda kitu kingali kidogo, huona kwamba amekilea. Halafu siku moja anakisikia redioni kikishangiliwa na watu wasiojua kilikotoka. Uchungu lazima uwepo. Hata hivyo, mtoto wa mji wa mbali asiye na ukumbi kama Gilman angeupata wapi muziki ule kama si redioni na kwenye runinga?

Na mtoto huyo alikuwa akisikia nini? Chukua wimbo wa "Basket Case" wa mwaka wa 1994. Billie Joe aliutunga kwa sababu ya mishtuko ya hofu iliyokuwa ikimvamia ghafla, hata akadhani anarukwa na akili. Kijana anayelala macho kwa wasiwasi, asiyeweza kumwambia mama wala mwalimu, anamsikia mtu mwingine akilitangaza jambo lilo hilo kwa sauti kubwa, tena kwa mahadhi ya kuchezeka. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo siri yao kuu kuliko nywele za rangi na wanja.

Siri ya pili ni kwamba nyimbo zao nyingi hupigwa kwa kodi chache za gitaa, zile ambazo mwanafunzi hujifunza mwanzo. Agosti 14, 1994, kwenye tamasha la Woodstock mjini Saugerties, New York, umati uliwarushia matope, na Billie Joe akawarudishia. Mashabiki wakavamia jukwaa. Katika patashika hiyo mlinzi mmoja alimdhania Mike Dirnt kuwa shabiki, akamkumba na kumvunja meno. Hata mlinzi hakuweza kutofautisha!

Tangu hapo mashabiki wamekuwa wakipandishwa jukwaani kwa hiari. Kwa miaka mingi Billie Joe amekuwa akiwachagua vijana kutoka kwa umati, huyu ashike gitaa, yule ngoma, kisha wapige "Knowledge", wimbo wa Operation Ivy, kundi la Gilman lililovunjika mwaka wa 1989. Mara nyingi aliyepiga gitaa hurudi nalo nyumbani.

Mzazi, ukitaka kuanza na wimbo mmoja, omba uchezewe "Wake Me Up When September Ends", uliomo katika albamu ya American Idiot ya mwaka wa 2004. Ni wa polepole, hautakuumiza masikio. Ni maombolezo ya mvulana yule wa Rodeo kwa babake. Kimbunga Katrina kilipoiangamiza New Orleans Agosti 2005, wimbo huo ulikuwa ukivuma, na wengi waliofiwa wakauchukua kuwa wao.

Na Gilman je? Aprili 2015 Green Day waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mjini Cleveland, kwa suti na hotuba. Mwezi uliofuata, Mei 17, walirudi Berkeley kuchangisha fedha kwa ajili ya wachapishaji wa vitabu walioharibikiwa na moto katika jiji jirani la Oakland. Onyesho lilifanyiwa nambari 924, barabara ya Gilman, na safari hii waliruhusiwa kuingia.