Kila Chozi na Namba Yake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutumiwa kuwausia wenye maduka, lakini yawafaa pia waganga na makarani wa hospitali zetu, kwa kuwa afya ni mali ya taifa zima.

Natutazame jambo lionekanalo dogo: machozi. Tezi iliyo juu ya jicho huyatoa. Yakisha kuliosha jicho huteremka kwa mfereji mwembamba hadi puani. Watoto wengi huzaliwa mwisho wa mfereji huo ukiwa umezibwa na utando, na jicho likawa linatiririka na kutoa tongotongo. Kwa walio wengi, mfereji huzibuka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka, mama akifundishwa kuikanda pembe ya jicho.

Lakini si kila chozi ni la mfereji. Mtoto mchanga atokwaye na machozi, aogopaye mwanga, na ambaye jicho lake limekuwa kubwa na kufanya ukungu, huenda ana presha ya jicho. Naye asipotibiwa upesi atapofuka. Mtu mzima naye huenda ana trakoma, kope zikigeuka ndani na kulikwaruza jicho.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeyapa magonjwa namba. Katika Orodha ya 10, iliyopitishwa mwaka 1990, maradhi ya viungo vya machozi yamo chini ya H04: kububujikwa na machozi ni H04.2, uvimbe wa siku nyingi wa njia za machozi, H04.4; njia zilizosinyaa, H04.5. Aliyezaliwa na mfereji ulioziba ni Q10.5, aliyezaliwa na presha ya jicho, Q15.0; na trakoma ni A71. Orodha ya 11 ilianza kutumika mwaka 2022, lakini shabaha ni ile ile.

Wagonjwa wa Rombo, Marangu na Machame hupelekwa Moshi, katika hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Ikiwa popote njiani wote wataandikwa H04.2, basi magonjwa matatu yamezikwa kaburi moja. Wapangao fedha watajuaje kama yatakiwa dawa ya trakoma, au daktari wa kupasua macho ya watoto?

Yuko atakayesema kwamba foleni ni ndefu na karani ni mmoja. Ni kweli. H04.2 si kosa chanzo kisipojulikana bado. Kosa ni kuiacha hapo kikisha kujulikana. Kwa hiyo daktari na aandike ugonjwa kwa ukamilifu, mzazi aeleze machozi yalianza lini, na karani afundishwe na kuheshimiwa kama mfanyakazi mwingine yeyote wa tiba. Kalamu yake haiponyi jicho, lakini huonyesha dawa ipelekwe wapi.