Maua ya Kando ya Barabara na Ujira wa Mfyekaji



Mvua ikishika huku Midia na mjini Koboko, kingo za barabara na viwanja visivyojengwa hujaa maua. Kuna kishona-nguo, kile kinachoganda kwenye suruali. Kuna alizeti mwitu, mgeni wa kutoka Mexico aliyekwisha kuwa mwenyeji. Wakubwa wakiona husema ni uchafu, fyeka! Lakini asubuhi utawakuta hapo nyuki wa asali, vinyuki wadogo wasiouma, vipepeo, na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa.

Wana kazi gani? Tuchukue boga. Maua yake ya kiume ni mbali na ya kike. Chavua yake ni nzito, tena inanata. Upepo hauwezi kuibeba. Ua hufunguka alfajiri, na kufika adhuhuri limekwisha kujifunga, halifunguki tena. Nyuki asipopita asubuhi hiyo, ua hilo halizai. Simsim yetu hujizalia yenyewe, ila ikipata nyuki huzaa zaidi. Na shamba huchanua majuma machache tu. Siku nyingine nyuki hula wapi? Hula kwenye hayo hayo magugu.

Uingereza imepoteza karibu sehemu 97 katika kila 100 za malisho yake ya maua tangu miaka ya 1930. Sasa wanahangaika kuyarudisha.

Hapa ndipo penye neno letu. Mfyekaji ni kibarua, analipwa kwa kipande. Ukimwambia aache maua, umemwambia alale na njaa. Hatukubali nyuki alindwe kwa tumbo la kibarua. Tunadai hivi: karibu na lami na penye kona pafyekwe daima, dereva aone mbele. Nyuma ya hapo pangoje maua yamwage mbegu, na kibarua apewe kazi nyingine kwa ujira ule ule. Mitaro ya kuzibua haikosekani. Dawa ya kuua majani isipigwe maua yakiwa wazi, wala asipewe mtu asiye na glavu, buti na kinyago. Tumeona vijana wakiipiga wamevaa ndala, na msimamizi yumo garini, vioo vimefungwa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Matawi yalete mapema majina ya wafyekaji na bei ya kipande wanayolipwa, ili tuingie nayo kwenye mazungumzo kabla bajeti haijapitishwa.