Kabla ya Kukihukumu Kidhibiti Volti (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba alteneta haijui kiasi: injini ikizidi kuzunguka, umeme nao huzidi kupanda. Kinachouzuia ni kidhibiti volti, kwa kuongeza au kupunguza umeme unaopita kwenye makaa kuelekea rota. Hoja ya leo ni moja: kidhibiti kisihukumiwe kabla ya kupima vinavyokizunguka. Magari yanayopita Mudaka kati ya Bukavu na uwanja wa ndege wa Kavumu hukutana na vumbi la kiangazi na tope la mvua, na kutu kwenye vichwa vya betri au mkanda uliolegea huleta dalili zile zile za kidhibiti kibovu.

Anza injini ikiwa imezimwa: betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Washa, fikisha mizunguko 2,000 kwa dakika. Kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.5. Kikipita 15 na kuendelea kupanda kila ukikanyaga mafuta, hapo kidhibiti, au waya wake, kimeshindwa kazi. Maji ya betri hupungua na balbu huungua ovyo. Kisipopanda kabisa, usiseme neno bado. Washa taa kubwa, kisha pima kwenye alteneta yenyewe na kwenye betri. Ukipata 14.3 kule na 13.1 huku, kidhibiti ni kizima, volti 1.2 zinapotelea njiani, katika waya au viungo vyake.

Wapo watakaosema kung'oa kichwa cha betri injini ikiunguruma kunatosha: gari lisipozimika, alteneta ni nzima. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba umeme unatoka, halionyeshi kwamba unadhibitiwa. Tena betri ndiyo inayomeza mishtuko ya umeme. Ukiiondoa, volti huruka ghafla na kuua diodi, hata kompyuta ya gari. Wengine watasema magari mapya huchaji chini ya 13 kwa amri ya kompyuta. Ni kweli, na ndiyo sababu namba moja haitoshi: ongeza mzigo wa taa na feni, utazame kama volti zinaitikia. Kipima volti cha kawaida ni rahisi kuliko alteneta, na fundi anayemwonyesha mteja namba zote mbili humwepusha kununua kipuri kisichohitajika. Sehemu ijayo: diodi.