Nani Ana Namba za Sefu?

Kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, kikiwa mezani, hakitishi mtu. Ni bomba la chuma au aluminiamu lenye urefu wa shubiri hivi, na ndani yake zimepangwa sahani za kupunguza kasi ya hewa ya moto inayofuata risasi. Huko Texas bomba hilo linauzwa dukani mchana kweupe, kwenye kabati la kioo. Kilichonisumbua ni swali analoulizwa mnunuzi kabla ya kukabidhiwa: mmiliki atakuwa nani? Yeye mwenyewe, udhamini, au kampuni?

Kwa nini mtu aanzishe kampuni, yenye wakurugenzi, anwani iliyosajiliwa na taarifa za kila mwaka, ili imiliki kitu kinachoingia kwenye soksi?

Jibu nililipata kwa wakili wa mirathi mjini Houston, mtu wa Pwani aliyehamia Marekani zamani. Aliomba nisimtaje jina, kwani wateja wake hawapendi ijulikane nyumbani kwao kuna nini. Nitamwita Dada Wakili, kama wanavyomwita Waswahili wenzake huko. Mimi aliniita mdogo wangu, akaliweka swali langu kando na kuniuliza la kwake: nyumbani kwangu, nani ana namba za sefu?

Kumbe hapo ndipo anapoanzia na kila mteja. Bunduki ya kawaida haina rejista Texas. Mtu huinunua, huiweka ndani, na mkewe akiitumia hakuna anayeuliza. Lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, ilitenga vitu vichache: rashasha, raifo yenye mtutu usiofika inchi 16, shotgani yenye mtutu usiofika inchi 18, mabomu ya kurusha kwa mkono na wenzake, pamoja na viwambo vya sauti. Kila kimoja kina namba yake, na kila namba ina jina la mmiliki mbele yake katika rejista inayotunzwa na ATF, idara ya shirikisho inayoshughulikia pombe, tumbaku, silaha na milipuko. Mwenye jina akimpa rafiki ajaribu uwanjani, naye amesimama pale pale, hapana neno. Rafiki akiondoka nacho, au akikaa nacho mwenyewe asipokuwapo, hilo ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10.

Sasa, kukaa na kitu ni nini? Dada Wakili hulitua swali hili taratibu, kama mtu anayeteremsha mzigo wa vyombo. Mahakama za Marekani hazitazami mkono tu. Mtu mwenye uwezo wa kukifikia kitu na nia ya kukitawala anaweza kuhesabiwa kuwa nacho, hata kama hajawahi kukigusa. Basi chukua nyumba ambayo mume amesajili kiwambo kwa jina lake. Kipo ndani ya sefu. Humo humo mna pasipoti za watoto, hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa na dhahabu za mke. Mke ana namba za sefu, na angekosaje kuwa nazo? Mume anasafiri wiki nzima kikazi. Wiki hiyo, nani anakaa na kile kiwambo?

Hakuniambia kwamba askari wa shirikisho wanapita mitaani wakikamata wake za watu. Anachosema ni kwamba kazi yake ni kuiona kesi kabla haijazaliwa, na kwamba kesi za namna hii huzaliwa zikiwa pacha na nyingine: ugomvi wa talaka, msako wa jambo tofauti kabisa, kijana wa nyumba aliyejiingiza mahali. Siku hiyo polisi wanafungua sefu, na kila aliyejua namba anakuwa na la kueleza.

Wateja wanazo dawa zao za kienyeji, naye amezisikia zote. Wapo wanaonunua sefu ya pili, ndogo, na kuifungia ndani ya ile kubwa. Wapo wanaobadilisha namba kila wanaposafiri. Wapo waliomficha mke namba tangu walipooana. Hao wa mwisho ndio wanaomsikitisha zaidi, kwa sababu mume mwenye siri naye hufa. Fundi wa kufuli anaitwa siku chache baada ya maziko. Mjane anasimama pembeni, mlango unafunguka, na katikati ya bahasha na mikufu kuna bomba lenye namba. Hajui ni nini. Shemeji anajua, anasema acha nikuhifadhie, analitia garini na kulipeleka kwake Louisiana. Kwa wema mtupu, na matanga hayajaanuliwa, shemeji amehamisha kitu kilichosajiliwa bila idhini ya ATF na kukivusha mpaka wa jimbo. Dada Wakili anapousimulia mfano huu hacheki, ingawa mengine yote aliyasimulia akicheka.

Udhamini unaingia hapo. Mwanzilishi anaandika hati, anateua wadhamini, anataja wanufaika, kisha kiwambo kinasajiliwa kwa jina la udhamini. Kila mdhamini ana haki ya kukaa nacho. Mume na mke wakiwa wadhamini wote wawili, namba za sefu si jambo la kufichana tena. Mtoto aliyefikisha umri anaweza kuongezwa. Mwanzilishi akifa, mdhamini aliyebaki anaendelea kukitunza kihalali, na hakuna mlango uliobaki bila mwenye ufunguo. Kumhamishia mrithi hufanywa kwa Fomu 5, ambayo haina kodi. Texas hakuna ofisi inayosajili hati hiyo. Nakala huenda ATF pamoja na maombi, nyingine hubaki kwenye droo.

Hati mbaya, hata hivyo, ni hatari kuliko kukosa hati. Kuna watu wanaopakua fomu ya jumla mtandaoni, ile ya kugawa nyumba na akaunti za benki, na kuingiza silaha humo. Fomu ya namna hiyo inamwamuru mdhamini auze mali na kugawa sawa kwa sawa. Haimwambii kwamba mnufaika anayeishi California au New York hawezi kupokea kiwambo, kwa sababu majimbo hayo yamekipiga marufuku kwa raia. Haisemi lolote kuhusu mdhamini atakayetiwa hatiani kwa kosa kubwa, ambaye tangu siku hiyo hapaswi kushika silaha yoyote. Kuna na wale wanaojiandika wenyewe kuwa mwanzilishi, mdhamini pekee na mnufaika pekee. Udhamini wa mtu mmoja na nafsi yake hausimami kisheria, na usiposimama, kilichosajiliwa kwa jina lake hakina mmiliki halali.

Na kampuni? Dada Wakili haidharau. Mwenye uwanja wa kulenga shabaha, au mwenye biashara ya kukodisha silaha kwa watengeneza filamu, anayo kampuni tayari, ina mhasibu na kalenda, na vifaa ni vya kazi. Mwenye hisa akifa, hisa ndizo zinazorithiwa. Kampuni inabaki, na vifaa vyake vinabaki nayo. Kwa mtu wa hivyo, kuanzisha udhamini pembeni ni kujiongezea makaratasi.

Tabu ni kampuni iliyozaliwa kwa ajili ya sefu tu. Texas kampuni hutakiwa kupeleka taarifa kila mwaka kwa mdhibiti wa fedha wa jimbo, hata kama haijaingiza senti. Isipopeleka, hunyang'anywa haki ya kufanya biashara, na mwishowe hufutwa kwenye daftari. Waliowahi kuandikiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, kuhusu ritani wanaijua hali hiyo. Mwaka wa kwanza mwenyewe anakumbuka. Wa tatu amehama nyumba, barua zinakwenda anwani ya zamani. Wa tano kampuni imekufa bila mwenyewe kupata habari, na silaha zilizosajiliwa kwa jina lake ziko ndani ya sefu, zimefungwa vizuri, zimepakwa mafuta. Nani anazo? Kampuni inaweza kufufuliwa kwa kulipa madeni na kuleta taarifa zilizopungua. Lakini ile miezi ya katikati ilikuwa ya nani? Nilimuuliza mara mbili. Mara zote alisema ndiyo maana yeye hafungui kampuni kwa ajili hiyo.

Kuna jingine: majina ya wakurugenzi huingia kwenye kumbukumbu za umma. Mtu aliyetaka kuficha alicho nacho hujikuta ameandika jina lake kwenye tovuti ya serikali. Na siku kampuni inapofungwa rasmi, kila kifaa lazima kwanza kihamishiwe mmiliki mwingine kwa maombi mapya, na kodi yake kama ipo.

Kodi ina historia yake. Ilipowekwa mwaka 1934, nchi ikiwa bado inakumbuka rashasha za majambazi wa Chicago, ilikuwa dola 200 kwa kila kifaa, karibu bei ya rashasha ya Thompson yenyewe. Lengo lilikuwa kufukuza wanunuzi kwa bei, na mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Sonzinsky, iliibariki sheria hiyo kama kodi halali. Kiasi hakikupandishwa. Dola 200 zikabaki dola 200 hadi zikawa hela ya kawaida. Tangu Januari 1, 2026, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025, kodi ya viwambo na bunduki za mtutu mfupi ni sifuri. Rashasha bado zinalipiwa 200, ambazo si kitu mbele ya bei yake: Bunge lilifunga rejista ya rashasha mpya za raia Mei 19, 1986, na zile zilizokwishasajiliwa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Fomu, alama za vidole na rejista vingalipo. Kesi zimefunguliwa zikidai kwamba kodi ikishakuwa sifuri, rejista haina mguu wa kusimamia.

Kwetu Tanzania mambo yana njia fupi. Leseni ni ya mtu, na familia ya marehemu hutakiwa kuipeleka silaha polisi. Nilipomkumbusha hilo, Dada Wakili alikiri kwamba lina faida moja: mjane haachiwi kitendawili.

Kabla ya 2016 sababu kubwa ya kuchagua udhamini au kampuni haikuwa mjane hata kidogo. Aliyeomba kama mtu binafsi alihitaji saini ya mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lake, pamoja na picha na alama za vidole. Wapo masherifu waliokataa kumsainia yeyote. Udhamini na kampuni havina vidole, kwa hiyo havikudaiwa chochote kati ya hivyo. Maombi ya vyombo hivyo, kwa hesabu za serikali, yalikuwa chini ya 900 mwaka 2000. Mwaka 2014 yalipita 90,000. Februari 2013 Christopher Dorner, askari aliyefukuzwa polisi ya Los Angeles, aliua watu wanne kusini mwa California. Katika maandishi aliyoyaacha alisema alinunua viwambo na bunduki ya mtutu mfupi kupitia udhamini, bila kuchunguzwa.

Tangu Julai 13, 2016, kila mwenye mamlaka ndani ya udhamini au kampuni, awe mdhamini, mkurugenzi au ofisa, anapeleka picha, alama za vidole na fomu ya maswali, na nakala inakwenda kwa mkuu wa polisi wa eneo. Saini ya sherifu iliondolewa kwa wote. Faida ya kukwepa ikafa. Iliyobaki ni ile ya sefu, na Dada Wakili anasema wateja waliokuja baada ya hapo ni wa aina nyingine: wanauliza kuhusu watoto.

Basi kama mtu anaishi peke yake na sefu yake haina mwingine? Huyo anamshauri asajili kwa jina lake, aandike wosia, amweleze msimamizi wa mirathi kilichomo na nini asikifanye. ATF humpa msimamizi muda wa kutosha kukitunza wakati mirathi ikishughulikiwa, na mrithi huhamishiwa kwa Fomu 5 ile ile. Udhamini kwa wenye familia, kampuni kwa wenye biashara, jina lako kwa mpweke. Alivyolipanga, unadhani jambo limekwisha.

Halijaisha. Kanuni ya 2016 inamchunguza kila mdhamini aliyepo siku ya maombi. Anayeongezwa kesho yake, maombi yakiwa yameshakubaliwa, halazimiki kupeleka kidole wala picha mpaka udhamini utakapoomba kifaa kingine. Pendekezo la kuwataka wenye udhamini watoe taarifa za wadhamini wapya lilikuwapo kwenye rasimu, likaachwa. Hati za Dada Wakili zina kifungu kinachomtaka mdhamini mpya aape kwamba sheria haimkatazi kushika silaha. Lakini hicho ni kiapo cha karatasi kinachotunzwa na familia yenyewe, na familia haipendi kumuuliza mjomba alifungwa lini na kwa kosa gani.

Nilitaka kujua kama angependa sheria iwahesabu na hao. Kama wakili alikataa kujibu, kwa kuwa ana wateja ambao jibu lolote lingewagusa. Kama jirani, alisema, angependa kujua.