Kondo la nyuma na jeni iliyotoka kwa virusi

Mtoto akishazaliwa wote humkimbilia yeye. Kondo la nyuma mkunga hulikagua kama limetoka lote, kisha hufukiwa, na habari yake ikaishia hapo. Kumbe kiungo hicho cha takribani nusu kilo ndicho kilichokuwa mapafu na figo za mtoto kwa miezi tisa. Na moja ya jeni zinazokitengeneza asili yake ni virusi.

Usishtuke. Wapo virusi viitwavyo retrovairasi, ambavyo vikiingia katika seli hupachika jeni zao ndani ya jeni za seli hiyo. Virusi vya Ukimwi ni vya ukoo huo. Zamani za kale, wanasayansi wanakadiria zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita, virusi vya namna hiyo vilijipachika katika seli za uzazi, na tangu hapo vikarithiwa kizazi baada ya kizazi. Karibu asilimia 8 ya vinasaba vyetu ni mabaki yao. Mabaki hayo si Ukimwi, hayaambukizwi kwa mwenza, wala kipimo cha Ukimwi hakiyaoni.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani na wa Ufaransa walionyesha kazi ya mojawapo. Jeni hiyo hutoa protini iitwayo sinsitini. Virusi vilikuwa vikitumia protini ya aina hiyo kujiunganisha na seli wanayoivamia. Katika kondo, inaunganisha seli za mtoto zenyewe, zikawa utando mmoja usio na mpaka kati ya seli na seli. Hewa na chakula hupita katika utando huo kutoka damu ya mama, bila damu ya mama na ya mtoto kuchanganyika. Utando huo huo ndio unaotoa homoni inayoleta mstari wa pili kwenye kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa.

Wafugaji wetu wa ng'ombe wa zizini watapenda kujua kuwa ng'ombe naye ana jeni yake ya namna hii, iliyotoka kwa virusi vingine kabisa.

Sasa tuje nyumbani. Watafiti kadhaa wamekuta kuwa kondo la mama mwenye kifafa cha mimba huwa na sinsitini pungufu. Bado wanabishana kama huo ndio mwanzo wa ugonjwa au matokeo yake, ila kwamba kasoro iko kwenye kondo hakuna anayebisha. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina daftari la uzazi lililoanza mwaka 2000, na uchambuzi wake uliotolewa 2013 ulionyesha kuwa karibu robo ya waliopata tatizo hili katika mimba moja walilipata tena katika iliyofuata. Kama lilikupata, lisema kliniki siku ya kwanza. Daktari anaweza kukuandikia aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 20. Usijinunulie.

Dalili ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu. Wengine hawasikii chochote, ndiyo maana kliniki hupima presha na mkojo kila hudhurio.

Degedege likianza, wapo wanaosema ni majini, wakamketisha mgonjwa kumsomea. Msomeeni, lakini ndani ya gari linaloteremka kwenda Mawenzi au KCMC. Kule kuna sindano ya magnesiamu inayozuia degedege. Kutoka Marangu au Kibosho wakati wa masika, saa moja mliyoipoteza nyumbani hairudi.

Tiba yenyewe ni kuzaa na kondo kutoka. Hata hivyo, degedege laweza kutokea siku kadhaa baada ya hapo, kwa hiyo mzazi aliyeko ndani anakunywa mtori, akilalamika kichwa, apelekwe kupimwa presha siku hiyo hiyo.